Shamba la Juu na Mwisho wa Kinamasi: Maisha ya Eizo Numajiri

Jamaa, majirani na nyote mliofika, familia inawasomea maisha ya Eizo Numajiri, aliyezaliwa Eizo Takahata tarehe 14 Machi 1941, nje kidogo ya Tsuchiura, mkoa wa Ibaraki, mtoto wa tatu wa kiume katika nyumba ya wakulima wa ngano. Takahata maana yake ni shamba la juu, kwani mwaka 1875, serikali ilipoamuru kila mtu awe na jina la ukoo, mababu zake walijiandikisha kwa jina la mahali walipolima, na baba yake alizoea kusema, "Sisi hatujawahi kulowa miguu."

Alimaliza shule ya kati Machi 1956, na kwa kuwa shamba lilikuwa la kaka yake mkubwa, akafanya vibarua kwa miaka kumi.

Tarehe 6 Novemba 1966 alimwoa Fusae, binti wa mzee Tokuji Numajiri, mkulima wa mizizi ya yungiyungi asiye na mtoto wa kiume, kwa sharti kwamba aasiliwe na mzee, achukue jina lao na kurithi mashamba. Numajiri ni mwisho wa kinamasi, na kwa maandishi ya Kijapani alama yake ya pili, ya mwisho, ndiyo pia inayoandika tako, kwa hiyo siku ya harusi rafiki zake walimtania, "Bwana harusi, umeacha shamba la juu ukafuata tako la kinamasi?" naye akawajibu, "Mwenye tako anakaa, nyie endeleeni kusimama."

Alichimba mizizi akiwa kwenye tope hadi kiunoni, kipindi chote cha baridi, na mwaka 1969 akajaliwa mtoto wake wa pekee, Sumie, anayewasomea haya. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki, mzee akaoa tena, na tarehe 2 Juni 1971 akazaliwa mtoto wa kiume, Mitsuru, na jioni hiyo hiyo mzee alimwambia marehemu mbele ya wageni, "Eizo, mwenye nyumba amefika, wewe utatushikia mpaka akue." Marehemu aliinamisha kichwa akasema, "Ndiyo, baba," akashika kwa miaka ishirini.

Mzee alipofariki mwaka 1991, marehemu aliletewa karatasi ya kuacha urithi, akaigonga muhuri wake, akiomba jambo moja tu, alale na mkewe katika kaburi la ukoo. "Hilo tu, shemeji?" alisema Mitsuru. "Hilo lako." Kuanzia hapo, akiwa na miaka hamsini, aliosha mizizi katika banda la ushirika, ikiwemo ile iliyotoka kwenye mashamba aliyoyalima mwenyewe.

Fusae alifariki tarehe 20 Agosti 2011 akawekwa katika kaburi hilo, ambalo mwaka 2015 Mitsuru alilihamishia kwenye hekalu la mjini, chini ya jiwe dogo lenye nafasi chache za vyombo vya mifupa. Marehemu alipoambiwa mwaka 2018 kwamba figo zimeshindwa, alikwenda kumkumbusha Mitsuru ahadi, akajibiwa, "Shemeji, nafasi zimekwisha, zilizobaki ni za wanangu." Wiki iliyofuata alikwenda kwa Takahata, na mtoto wa kaka yake akamwambia mlangoni, "Baba mdogo, wewe ulishatoka kwetu." Ndani ya gari, walipofika darajani, alimwambia binti yake, "Sumie, majina mawili, na hakuna hata moja lenye pa kulala."

Alifariki tarehe 9 Februari 2019, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliomletea uji wakati hakuweza kumeza kingine, na wenzake wa banda la kuoshea mizizi, waliosimama nyuma kwa sababu viti vimejaa. Tunazishukuru pia koo zote mbili, Takahata na Numajiri, zilizokaa mstari wa mbele.

Mwili ukishachomwa, mifupa yake itakaa katika chombo nyumbani kwa Sumie, ambaye kwa ndoa anaitwa Isogai, na mumewe hakuuliza lolote ila upana wa chombo, apate kupanga rafu. Baba, pumzika kwetu, hakuna atakayekuuliza jina.