Fundi wa Sare Aliyewasindikiza Mabinti Kliniki

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, tumkumbuke mtu wetu. Aliyetutoka wiki hii ni fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Shangazi.

Shangazi alishona sare za shule. Kibandani mwake mlikuwa na cherehani moja, benchi, na pazia la kupimia nguo. Nyuma ya pazia hilo aliyajua mambo kabla ya wazazi. Binti anakuja, anaomba sketi iachiwe kiunoni. Baada ya muda anarudi, iachiwe tena. Shangazi hakuuliza aliyempa mimba ni nani. Aliuliza, "Kliniki umeshakwenda?"

Mara nyingi jibu lilikuwa hapana. Mabinti waliogopa foleni. Waliogopa macho ya wake za watu, na swali la mume yuko wapi. Basi Shangazi alifunga kibanda, akaenda nao. Akiulizwa yeye ni nani kwa binti, alijibu, "Mimi shangazi yake." Jina likamganda. Wauguzi walitaniana kwamba kaka zake yule mama wamezaa kweli kweli.

Si wote aliowawahi, wasikilizaji. Yuko mmoja aliyeficha mimba hadi uchungu ukamkuta peke yake chumbani. Shangazi ndiye aliyemshonea gauni la kuzikwa nalo. Binti yake Shangazi anatuambia, "Mama alishona huku analia. Tangu hapo, akisikia kuna msichana amefungiwa ndani, hakai."

Na kweli, alisikia. Mwanafunzi mmoja alikuwa amefichwa na mama yake, muuza mkaa, hadi ajifungue. Shangazi alikwenda kubisha hodi. Alimkuta binti amevimba uso na miguu, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Mama mtu akasema hayo ni ya kawaida, mimba si lelemama. Akaongeza kwamba ya nyumbani kwake hayamhusu fundi.

Shangazi hakupandisha sauti. Alisema, "Dada yangu, nitukane upendavyo, lakini nitukane tukiwa njiani. Mtoto anaumwa."

 Mama akaenda kutafuta khanga ya kumfunika mwanawe.

Kliniki walipima presha, wakakuta imepanda vibaya. Binti akakimbizwa hospitali siku ileile. Mtoto alitolewa kabla ya wakati, mdogo kama kiganja, lakini mzima. Binti naye alipona. Leo binti yule anasuka nywele, ana saluni yake. Anasema, "Daktari aliniambia ningechelewa kidogo tu, tusingekuwapo, mimi na mwanangu."

Shangazi aliugua figo, akafariki nyumbani akiwa na wanawe. Mazikoni, muuza mkaa aliomba kusema neno. Alisema hivi: "Mimi nilikuwa nawaza watu watasema nini. Yeye alipoingia kwangu, kwanza alimuuliza mwanangu amekula nini."

 Akaketi.

Kwa wanawe na wajukuu wa Shangazi, poleni sana. Mzigo huu hatuwaachii peke yenu.

Nawe unayenisikiliza, tazama ndani ya nyumba yako. Kuna binti anayevaa sweta juani? Anayekwepa kukaa karibu nawe? Hasira zako zitasubiri, mimba haisubiri. Mwandalie chai, anywe. Kisha vaa viatu, umpeleke kliniki.