Picha za Harusi ya Chepng'eno

Basi lilipotoka Litein, Chepng'eno alikuwa ameshamwonyesha Mama Bilhah, muuza ndizi wa Chepilat aliyeketi kando yake, picha za harusi yake ya kienyeji. Kesho angezipeleka ubalozini, apewe viza ya kumfuata mumewe, Kimeli, huko Amerika.

"Mbona hakuna hata moja mnaangaliana?" akauliza Bilhah, ambaye hakuwa ameombwa maoni. "Mzungu atasema hii ndoa ni ya kutengeneza."

"Nimkodolee mtu macho mbele ya baba mkwe? Hiyo ndiyo ingekuwa ya kutengeneza, mama. Nitawaambia hivyo hivyo."

"Na huko, mkiwa wawili tu kwa nyumba?"

"Huko nitamwangalia mpaka aone haya."

Basi likasimama Kericho. Bilhah akabeba mkungu wake.

"Anza mazoezi sasa, binti yangu. Tangu Litein hujaniangalia hata mimi usoni."