Mwachie Mikono, Mama

Wapendwa, mnanijua. Mimi sio mtu wa kusimamasimama mbele. Na mtu akiniambia "nimekuja kukusaidia," asidhani nitacheka naye. Nitamuuliza kwanza: unataka nini?

Baada ya kumzika mume wangu, binti yetu wa kwanza alibadilika. Alikuwaga mpole jamani, mpole kweli! Ghafla akawa anarusha vyombo, anang'ata wadogo zake. Shule wakasema akae kwanza nyumbani. Shemeji zangu wa Kisorya wakataka tumfunge kamba tumpeleke kuombewa.

Ndipo akaja dada mmoja wa ustawi wa jamii, hapo kwangu Nyakato. Ndugu zangu, nawaambia, nilimshuku kuanzia viatu. Si tunajua wenyewe? Ustawi wakija, mtoto anaondoka. Akasema, "Sijaja kumchukua, mama. Nimekuja kukaa na nyie." Nani analipwa mshahara kwa kukaa tu? Nikampikia ugali wa mhogo na samaki sato, akakataa, eti kazi yao hairuhusu. Mgeni gani anakataa chakula mkoa wetu huu wa Mara? Nikajisemea, huyu ana lake jambo.

Akawa anakuja tu. Siku moja binti akachachamaa yeye akiwepo. Nikamkaba mikono kama kawaida, nikamlalia. Yule dada akasema taratibu, "Mwachie mikono, mama. Kaa chini karibu naye."

Haya, mtego ndo huu! Nikimwachia atakimbia, waseme nimeshindwa kulea, wambebe. Nikatazama mlangoni. Dada hakuwa mlangoni, alikuwa ameketi sakafuni huko pembeni. Nikaachia, nikakaa chini.

Mtoto hakukimbia. Alilia, akajitupa mapajani kwangu, akasema, "Mama, na Baba mlimshika hivyohivyo."

Yesu wangu! Malaria ilipompanda baba yake kichwani, wanaume walimshika mikono na miguu mpaka akakata roho. Kumbe mtoto alikuwa dirishani, anaona. Nililia siku hiyo kuliko msibani.

Tangu hapo simkabi. Akianza, nakaa chini, namwita jina polepole. Siku mbaya bado zipo, siwadanganyi. Ila shule amerudi.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule dada, na nyie mama zangu mliokuwa mnanishikia wadogo zake. Mtu wa namna hiyo akija kwako, mchunguze, muulize maswali yote. Mimi mpaka leo namuulizaga. Lakini usimfungie mlango. Binti yangu saa hizi yuko nyumbani, anamwogesha mdogo wake. Hakuna aliyemchukua.