Historia ya Marehemu Deusdedit Nkwabi na Vikombe Sita vya Melania

SHAURI LA MTIKISIKO USIO WA KAWAIDA WA VYOMBO VYA CHAI NDANI YA KABATI LA MLALAMIKAJI: ndivyo lilivyoandikwa jalada ambalo marehemu Deusdedit Nkwabi aliingizwa mwaka 2002 kama mlalamikiwa wa pili, na kwa kuwa jalada hilo ndilo lililompatia mke, nyumba na mashemeji, familia imeona historia yake haisomeki bila kulitaja, waombolezaji mtuvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1971, Ndala, mjini Shinyanga, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Nkwabi, aliyekuwa mpimaji wa pamba kiwandani, na Mama Scolastika, muuza karanga sokoni, na inasimuliwa kwamba redio ya kwanza kuingia nyumbani kwao ilikaa nzima siku mbili, siku ya tatu Deusdedit akakutwa ameitandaza mkekani, vipande vyake vimepangwa kwa ukubwa, naye akamwambia baba yake asiwe na wasiwasi kwani alikuwa anatafuta tu mahali anapokaa yule mtu anayesema ndani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1979 na kumaliza la saba mwaka 1985, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1989, ambapo taarifa ya tabia iliyotumwa kwa wazazi ilisema, "Ana bidii, ana heshima, ila anafungua vitu," na mzazi akaombwa achukue hatua, hatua aliyochukua ikawa ni kumpeleka kusomea ufundi umeme, alikohitimu mwaka 1991.

Kuanzia mwaka 1992 hadi 1999 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, akitunza mota, na huko akashika kanuni moja ambayo baadaye ilimgharimu: mashine yoyote inayotetemeka hufungwa boliti kwenye sakafu ya zege, ikatulia. Mwaka 2000, pamba ikiwa imelegea na dhahabu imechangamka, alihamia Geita, akafungua banda la kutengeneza redio pale Kalangalala, akajiunga na kwaya, upande wa besi, na ndiye aliyekuwa akifunga vyombo vya muziki kwenye harusi, mikutano ya injili na kampeni, akisema hizo tatu tofauti yake ni urefu wa waya.

Mwezi Machi 2002 aliitwa na Bwana Theonest, mnunuzi wa dhahabu mwenye asili ya Bukoba, aliyekuwa anajenga klabu ya usiku iliyoitwa Kifusi, na ambaye tayari alikuwa ameletewa na wauzaji sabufa kumi na mbili zenye taa za buluu na maandishi ya wati nyingi kuliko mji mzima ulivyokuwa na umeme. Marehemu alizinyanyua moja moja, kila iliyokuwa nyepesi kuliko ndoo ya maji akaisukuma pembeni, kwa maelezo kwamba spika isiyo na sumaku nzito ni kabati lenye kelele, na mwishowe akasafiri hadi Mwanza na kurudi na sabufa tatu, nyeusi, za inchi kumi na nane, zisizo na taa hata moja. "Tatu?" akauliza Theonest. "Fundi, unafunga klabu au redio ya shule? Mimi nataka mtu aliyeko Buseresere asikie kwamba Geita kuna klabu." Marehemu akamjibu kwa upole, "Aliyeko Buseresere hajalipa kiingilio, bosi. Tumhudumie aliyeko ndani."

Zikafungwa ukuta wa nyuma, zikielekea ukumbini, na kwa kanuni ya kiwanda cha pamba zikakazwa boliti hadi kwenye zege, klabu ikafunguliwa, wachimbaji waliotoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na vumbi lao wakacheza, wakasema wanaisikia besi hadi kwenye meno, na Theonest akamkumbatia fundi mbele za watu.

Nyuma ya ukuta huo, hatua chache, ilikuwa nyumba hii ambako tunamuaga leo, na ndani yake alikaa Melania, mshonaji, wakati huo akiwa na miaka ishirini na sita, pamoja na mama yetu, yaani Mama Lusia, na mimi Edson, mdogo wa Melania, msomaji wa historia hii. Baba yetu alikuwa ametuachia nyumba hiyo na kabati, na ndani ya kabati vikombe sita vya harusi ya mama, na tangu Kifusi ifunguliwe vikombe vilianza kugongana kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kimoja kikaanguka, mama akaacha kulala, na Melania akaenda ofisini kulalamika, ofisi ambayo familia imekubaliana isiitaje, kwa kuwa wengi wa watumishi wake wa sasa hawakuwapo.

Ofisi ilifungua jalada, Theonest akiwa mlalamikiwa wa kwanza na fundi wake wa pili, ikatuma wajumbe watatu, wakaja saa nne asubuhi wakati klabu imefungwa, wakalishika kabati, wakaandika kwamba kabati limekaguliwa na limekutwa limetulia. Melania alipowaambia warudi muziki ukiwa unapigwa, walijibu kwamba muda huo si wa kazi. Wakawapa walalamikiwa mwezi mmoja kurekebisha, na wakaongeza kwamba ikishindikana, kwa kuwa klabu ina leseni na vikombe havina, mlalamikaji ashauriwe kuhama. Theonest, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na haraka, akajitolea kuinunua nyumba iwe stoo ya kreti za bia, na mama kwa kukosa usingizi akaanza kukubali, akisema bora akalale kwa wajomba Kahama kuliko kukesha kwake.

Hapo ndipo marehemu alipobisha hodi. Aliamkia, "Shikamoo mama," mama akaitikia, lakini Melania akamwambia, "Wewe ndiye mwenye ngoma? Vua viatu, kaa hapo, usiongee," akamwekea chai mezani, na ukumbini walikuwa wanajaribu vyombo kwa ajili ya jioni. Akakaa. Chai ikaanza kufanya viduara kikombeni, marehemu akaitazama, kisha akatazama miguu yake, akasema, "Sisikii kelele nyingi. Ila nyayo zinanitekenya." Melania akamjibu, "Mwezi mzima nawaambia hivyo hivyo, kwamba inakuja kwa chini, wananiuliza nilisoma wapi."

Fundi alicheka, akanywa ile chai yenye viduara, akarudi klabuni akafungua boliti zote, akaenda kwenye karasha moja la kusaga mawe akaomba kipande cha mkanda wake wa mpira uliochakaa, akaukata na kuulaza tabaka tatu chini ya sabufa, ili mtikisiko usishuke tena kwenye zege. Sakafu ikatulia, chai ikatulia, vikombe vikabaki vinanong'ona, maana besi ni kitu kisicho na mbele wala nyuma, ukiielekeza ukumbini bado inazunguka na kutokea kwa jirani.

Alifikiri juu ya hilo kwa majuma mawili, huku akija kila siku kupima, na Mama Lusia alituambia kwamba anapima hata siku ambazo hakuna muziki. Kisha akaiomba kwaya yake mashine ya mwangwi, ambayo kazi yake ni kuchelewesha sauti, akageuza sabufa moja kati ya tatu ikatazama ukuta, akabadili nyaya zake, akaichelewesha kidogo kwa ile mashine, ili upande wa nyuma wenzake wakisukuma hewa yeye avute, sauti zikutane hapo na kuuana, na upande wa mbele wazidi kusaidiana. Theonest alipokuta spika yake inatazama ukuta alishika kichwa: "Fundi, hii umeiadhibu?" Jumapili alasiri, baada ya ibada, muziki ukafunguliwa wote, wachezaji hawakuona kilichopungua, na huku nyumbani Melania akafungua kabati, akaweka sikio, akalifunga. Akasema, "Kesho usije kupima. Njoo kula."

Kwaya iliimba bila mwangwi hadi Theonest alipowanunulia mashine nyingine, na mwinjilisti akakiri kwamba katika kipindi hicho, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameelewa maneno.

Marehemu alifunga ndoa na Melania tarehe 26 Julai 2003, wakajaliwa watoto wawili, Dorah mwaka 2004 na Herman mwaka 2008, akaendelea kufunga vyombo kumbi nyingi za Geita, Chato na Shinyanga, na tangu hapo hakufunga besi mahali popote kabla hajaenda kuketi peku kwa jirani wa nyuma. Dorah amesomea ufundi huo huo, na sauti hii mnayoisikia hadi safu ya mwisho, bila kumwamsha mtoto wa jirani, ameipanga yeye.

Mwaka 2021 aligundulika na shinikizo la damu, na usikivu wa sikio la kulia ukaanza kupungua, jambo alilosema limempunguzia hotuba, tarehe 2 Juni 2025 akapata kiharusi, akahudumiwa kwa upendo, na tarehe 11 Agosti 2025, saa kumi na mbili asubuhi, akafariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliokesha nasi, mafundi wenzake, kwaya, na Bwana Theonest, aliyefunga ukumbi wake juma zima bila kuombwa. Wabeja sana. Nawe Deusdedit, ulitupa usingizi, sasa lala wako, upumzike kwa amani.

Mwisho, lile jalada bado liko wazi, likisubiri taarifa ya utekelezaji, na familia inaomba taarifa iwe hii: fundi aligeuza sabufa moja, vikombe vitano vilivyobaki vimo kabatini, na nyumba haikuuzwa.