Nyama Yako, Mifupa Yangu

Ndugu zangu wazazi, nianze na kosa lenyewe, kwa sababu nikianza na salamu nyingi nitapata pa kujificha. Mwenzangu mmoja wa barazani aliniambia, "Mtoto wa skuli hakai kazini. Mkabidhi kama unavyomkabidhi kwa mwalimu wa chuoni, ndipo atatulia." Ilinipasa kukataa. Nilikubali.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya themanini. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na sita, yuko kidato cha pili, na skuli zimefungwa. Alitaka kazi ya nusu siku. Aliitafuta mwenyewe hapa Malindi, mlango kwa mlango, mpaka mama mmoja anayeshona nguo za maharusi nyumbani kwake akamwambia, "Mkono wako mzuri. Niletee mzazi nimwone."

Nikaenda na kanzu yangu ya Ijumaa. Nyote mnayajua maneno waliyoyasema baba zetu walipotupeleka chuoni kusoma Kurani, kumpa mwalimu ruhusa ya kutuchapa mradi mifupa isivunjike. Mimi niliyasema mbele ya cherehani. "Huyu ni mwanao. Nyama yako, mifupa yangu."

Yule mama akacheka. "Mzee wangu, hayo ni ya mwalimu. Mimi mshonaji, nyama yake niipeleke wapi?"

"Yachukue tu," nikamwambia. "Akikosea, mrudi."

Binti yangu alikuwa amesimama kando yangu, anasikia. Wala sikumtazama.

Wiki ya kwanza alikuwa akirudi na nyuzi kwenye nywele, akituchekesha kwa habari za maharusi wanaonenepa kabla ya siku yao. Wiki ya pili akaanza kunyamaza. Siku moja akanijia nikisoma gazeti.

"Baba, nataka kuacha kazi."

"Kwa nini?"

"Ananipiga kwa ile futi ya mbao."

"Ulifanya nini?"

"Nilikunja upindo vibaya."

"Basi sababu unaijua. Mimi nilichapwa chuoni, nikachapwa skuli, na nikawa karani. Kesho nenda."

"Wewe uliandikwa kazi, baba. Mimi nimetolewa nyama."

Nawaambia kweli, nilicheka. Niliona ni ukali wa ulimi wa kitoto. Akaenda.

Siku chache baadaye akakata kitambaa cha bibi harusi kwa kipimo cha mtu mwingine, akapigwa kofi la sikio. Hakuniambia. Kwa nini aniambie? Jibu langu alikuwa nalo tayari. Alikaa siku tano na maumivu, akilalia upande mmoja, nasi tunakula naye sinia moja. Dada yangu alipokuja kututembelea ndiye aliyetambua. Alimwita mara tatu akiwa nyuma yake, mtoto hakugeuka. Akamshika kichwa, akalinusa sikio, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, mtoto huyu anaoza, nawe unakunywa kahawa."

Hospitali daktari alisema ngozi ya ndani ya sikio imepasuka na usaha umeingia. Angeletwa siku ile ile, pengine. Hilo "pengine" ninalo hadi leo.

Nilikwenda kwa mshonaji nimejaa hasira. Habari za hospitali zilikuwa zimeshamfikia; nilimkuta analia kabla sijafungua mdomo. "Nimekosa," akasema, "na mkono ni huu wangu. Lakini mtoto aliponiambia atakwambia wewe, nilimjibu kwamba baba yake ameshamtoa. Je, nilisema uongo?"

Hasira ikaniisha pale mlangoni. Nilirudi nyumbani, nikakaa chini mbele ya binti yangu, nikamwambia nimeyarudisha maneno yangu, nyama ni yake na mifupa ni yake.

Skuli zilipofungwa tena, akasema amepata kazi kwenye duka la kupiga picha. "Usije," akaniambia. "Nataka unijibu jambo moja tu. Wakinipiga, nirudi?"

"Rudi saa ile ile. Hata kama umekosa wewe."

Akaenda peke yake. Alifanya kazi pale kila likizo mpaka akamaliza skuli, na jioni akawa ananihadithia tena.

Namshukuru dada yangu kwa ulimi wake. Namshukuru yule daktari, aliyemtibu mtoto bila kunisuta mbele yake. Nawashukuru nanyi, mlionisikiliza mwaka ule nilipokuwa siwezi kumaliza hadithi hii. Na wewe binti uliyeketi karibu na mlango, ambaye mama yako ametuomba tukuombee dua kwa kazi yako ya kwanza, nenda mwanangu. Jina lako litaje mwenyewe. Uliza saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kukosea utakosea, hiyo ndiyo kazi. Ila kosa lolote lisikufungie mlango wa nyumbani. Mama yake, hilo mwambie leo, kabla hajatoka.

Mimi sikumwambia wangu mapema. Sikio lake la kushoto halisikii, na halitasikia tena.