Mungu Hakunionyesha Mizizi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na wale walionicheka!

Mimi ni Nyambura, mama ya Njeri, huyu mnayemsikia akilia hapo nyuma. Nilimaliza sekondari, nikapata mtoto, kisha nikaamua nitasomea ualimu wa hesabu. Chuo kikasema tufanye mtihani wa kuingia kwanza, na ukianguka basi. Nikajiunga na darasa la kujitayarisha hapa Nyeri mjini, mtoto mgongoni.

Niliteseka! Mlinganyo wa x mraba una majibu mawili, yanaitwa mizizi. Swali linasema: pandisha kila mzizi kipeo cha tatu, cha nne, halafu ujumlishe. Na kikokotoo hakiruhusiwi! Mimi nilitafuta mizizi kwanza. Napata desimali zisizoisha, nakosea, nafuta, karatasi inatoboka.

Mwalimu akasema mbele ya wote, "Mama Njeri, si uende tu ukanyonyeshe? Hii ni ya watu walio na wakati." Ati wako na wakati! Darasa likaangua kicheko. Ndugu zangu, nilikasirika, na sitawadanganya, bado nimekasirika.

Nikafunga, nikaomba: Mungu, nionyeshe mizizi! Mama yangu kule Wamagana akaniambia, "Maombi ni mazuri, Nyambura, lakini mtoto anaona baridi. Sweta yake iko wapi?"

Nikachukua sindano na uzi wa sufu, huku nimenuna. Nikafuma, mstari mpya ukishika ule wa chini yake. Hapo nikasimama! Mimi nafuma sweta na sijawahi kuuliza kondoo ni yupi!

Mlinganyo wangu ulikuwa x mraba, toa x tano, jumlisha tatu, sawa na sifuri. Basi kila mzizi ukiupandisha kipeo, ni mara tano ya kipeo kilicho chini yake, toa mara tatu ya kile cha chini zaidi. Na jumla zao zinafuata hivyo hivyo! Jumla ya mizizi ni tano, hiyo unaisoma kwa mlinganyo wenyewe. Jumla ya miraba ni tano mara tano, toa tatu mara mbili, kwani mizizi ni miwili: kumi na tisa. Ya vipeo vya tatu? Tano mara kumi na tisa, toa tatu mara tano: themanini! Ya nne ni mia tatu arobaini na tatu. Mizizi sijaiona mpaka leo!

Swali la aina hiyo likaja kwa mtihani. Nikalifuma. Nimepita, ndugu zangu! Nimechukuliwa chuoni!

Mungu hakunipa nilichoomba, alinipa njia ya kupita bila hicho. Asante Yesu! Wewe uliyekwama ukingoja uonyeshwe kila kitu kwanza, mwamini, anza na mstari ulio mkononi mwako. Na mama yeyote aliyeambiwa hesabu si yake, anione Jumamosi hapa kanisani. Mtoto aje naye. Akilia tutamnyonyesha, na hesabu itaendelea.