Bi Mwamvua na Bizari ya Nzi

Tarehe 31 Desemba 1957, Bi Mwamvua binti Uweso anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa wadudu kwa miaka ishirini na mitatu. Kazi yake ilikuwa kuwapikia nzi wa matunda, na ole wake aliyecheka.

Alianza kama mfagiaji. Siku mpishi wa kwanza alipougua, Bi Mwamvua aliingia jikoni bila kuombwa, akakoroga uji wa mahindi, sukari guru na hamira, akaugandisha kwa mwani. Nzi wakala, wakataga. Tangu hapo sufuria ile haikuguswa na mtu ila kwa idhini yake. Mimi mwenyewe niliwahi kuionja nikafukuzwa na mwiko.

Kituo kilitaka kujua kama vyakula vyetu vya kila siku vinaongeza uzazi wa nzi, au umri wao. Bi Mwamvua aliyapenda mambo hayo kupita kiasi. Nzi aliyebaki hai baada ya wenzake kufa alimwita mzee, na kila asubuhi alimwamkia shikamoo kupitia kioo cha chupa. Kwao mtaa wa Ngamiani walimtania, naye aliwajibu kwamba nzi hao walau hawana deni dukani.

Mwaka 1953 ikaja zamu ya bizari. Bi Mwamvua alikuwa akienda Pangani kumuuguza dada yake, akamwachia jiko Praxeda, msichana wa Lushoto aliyekuwa bado katika muda wa majaribio. Alimwagiza atie bizari. Kwa Bi Mwamvua, bizari ni manjano, basi. Praxeda, mgeni wa viungo vya pwani, aliuliza bizari dukani, akapimiwa bizari nyembamba, ile ya pilau.

Nzi wakataga ajabu. Bwana Mkuu wa kituo akafurahi, akaandaa taarifa kwamba manjano huongeza uzazi, na habari ikafika Ngamiani kabla ya kufika makao makuu. Wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto wakaanza kuyanywa.

Bi Mwamvua alirudi, akachomoa pamba kwenye chupa moja, akanusa, akaguna. Alijua papo hapo kwamba ile ni bizari ya pilau. Akinyamaza, uongo utakwenda kwa jina la kituo na wanawake wale watadanganyika. Akisema, Praxeda atafukuzwa, na mama yake alimtegemea yeye tu. Zaidi ya hayo, cheo cha mkuu wa jiko kilikuwa kinamsubiri Bi Mwamvua mwezi uleule.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mkuu, mbele yetu sote.

“Kosa ni langu, Bwana. Nilisema bizari, sikusema bizari ipi.”

Cheo kikaota mbawa kwa mwaka mzima. Praxeda akabaki. Majaribio yakarudiwa, na safari hii nzi wa manjano waliishi kuwapita wenzao, lakini mayai yao yalikuwa haba. Bi Mwamvua alipita nyumba kwa nyumba akiwaeleza wanawake wa mtaani ukweli huo. Wapo waliomnunia. Hakujali, au alijifanya hajali.

Nasema wazi kwamba nitamkosa, hata mwiko wake.

Kuanzia Januari mkuu wa jiko ni Praxeda. Jana tulimtuma Ngamiani kununua bizari ya chakula cha sherehe hii ya kumuaga Bi Mwamvua. Alifika getini, akasimama, akarudi hadi jikoni kumuuliza Bi Mwamvua ni bizari ipi. Bi Mwamvua alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na machozi yaliendelea hata kicheko kilipokwisha.

Ahsante, Bi Mwamvua. Sisi wenzako tunakuombea umri mrefu kama wa nzi wako wa manjano, na wajukuu wengi kama wa nzi wa pilau.

Methusela, kwa niaba ya wafanyakazi wote